Gome Lina Wivu

Iquitos, 10 Machi 2024

Kaka Deyner,

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu Mama. Mimi mzima, ila joto la chumba hiki linanipikia ubongo. Mgongo wako unaendeleaje? Ulipanda boti ya mzee Abner ukiwa umejipinda kama ndoano.

Uliondoka haraka, sikusema niliyotaka kusema. Pale klinikini nilikuita kwa namba kama ninavyowaita wote, nikakuandikisha kana kwamba sikujui. Usinichukie. Kwetu sheria ni moja: linaloonekana dirishani halitoki mlangoni. Karani aliyenitangulia alimwambia mama mmoja sokoni Belén kwamba amemwona binti yake kwetu, na wiki haikuisha akafukuzwa. Majina yetu ya ukoo yamejaa mto mzima, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Hata nesi Herlinda hajui kuwa wewe ni ndugu yangu, na naomba ibaki hivyo.

Sasa sikiliza. Wewe uliingia mlango wa kushoto. Huo ni wa wasio na virusi vya Ukimwi na hawataki kuvipata. Mlango wa kulia ni wa wale ambao tayari wanavyo. Hao humeza dawa nyingine, maisha yao yote. Kidonge chako ni kinga. Kinavinyima virusi pa kukaa, lakini ukimeze kila siku. Ukikiacha, kinga hutoka mwilini kama maji kwenye kikapu. Chupa ulizopewa ni za miezi mitatu. Kabla hazijaisha uje uchomwe kidole, damu ikiwa safi utapewa nyingine. Bila kuchomwa kidole hupewi, hata ungekuwa mtoto wa gavana.

Ulisema utamwambia Mama ni dawa ya ini. Sipendi, lakini siri si yangu.

Mdogo wako,
Rusbel


Puerto Inayuga, 7 Aprili

Bwana Karani,

Salamu zako zimefika zimelowa, maana Abner aliziweka chini ya mikungu ya ndizi. Huku hatujambo. Mama hajambo, kuku hawajambo, na yule jirani mbea naye hajambo, kwa bahati mbaya.

Pale dirishani ulinitazama kama umeona nyoka chooni. Eti namba! Mimi niliyekupigia kasia hadi shuleni, mvua na jua, leo nina namba. Haya. Nakutania tu, usije ukakosa usingizi.

Kidonge nameza kila asubuhi. Siku ya kwanza Mama alisimama mbele yangu na kisu cha kumenyea ndizi.

"Hiyo nini?"

"Dawa ya ini, Mama."

"Ini lako lina nini?"

"Limechoka."

"Limechokea wapi, na kazi nafanya mimi?"

Akaenda zake. Lakini mama yetu unamjua, hakuliacha hilo jambo, aliliweka tu.

Kijiji cha ng'ambo kimepata mwalimu mpya, Lisandro. Anacheza mpira wa wavu. Akiruka kupiga, hata wazee wanaacha kutafuna. Sisemi zaidi, wewe mtoto wa kanisa. Ila ujue kile kidonge sikimezi bure.

Mgongo bado. Mama ameshalowesha gome la mti wa chuchuhuasi kwenye pombe ya miwa, anasubiri mwezi ukae sawa aniingize mwikoni.

Kaka yako,
Deyner


Iquitos, 21 Aprili

Kaka Deyner,

Natumai barua hii imekukuta ukinyooka kidogo. Mimi sijambo, ila maneno yako ya mwisho yamenikaa kifuani.

Mwiko wa gome naujua. Kibanda cha peke yako, bila chumvi, bila sukari, bila pilipili, bila nyama ya nguruwe, bila mwanamke wala mwanamume. Hayo hayanitishi. Ninachouliza ni hiki: Mama atakuacha na vidonge vyako humo ndani?

Nilitaka kumuuliza nesi Herlinda kama gome na kidonge vinaelewana. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Akainua macho.

"Unasemaje, Rusbel?"

"Nimekuletea kalamu."

Akaniangalia, akaangalia kikombe chake kilichojaa kalamu, akasema ahsante. Kaka, ningemuuliza angetaka kujua ni nani huyo mwenye gome. Na mimi uso wangu hausemi uongo vizuri.

Kwa akili yangu mwenyewe nakushauri umeze vyote viwili. Au mwambie Mama mgongo umepona.

Mdogo wako,
Rusbel


Puerto Inayuga, 12 Mei

Rusbel,

Hujambo mtu wa kalamu? Kesho naingia kibandani, na humo hakuna kuandika, kwa hiyo nasema yote leo.

Kumwambia Mama mgongo umepona haikuwezekana. Alinikuta nimepiga magoti kuvaa viatu. Kisha akaniambia nitoe zile chupa. Nikasema ini. Akasema, "Gome lina wivu, Deyner. Likimkuta mwenzake tumboni halitamgeukia yeye, litakugeuka wewe. Dawa mbili ni wake wenza." Nikazificha kwenye paa, akazipata kabla sijashuka ngazi. Alikwenda nazo gatini, akafungua moja moja na kumimina mtoni. Basi samaki wa hapa wamepata kinga. Hawatapata Ukimwi hao.

Najua sasa umeshika kichwa. Kiachie. Humo kibandani nitakuwa na ndizi ya kuchoma na samaki asiye na chumvi. Virusi vitanipata wapi? Na gome likishaushika mwili, mwili unafungwa. Hakuna kinachoingia. Babu alisema hivyo, na babu aliumwa na nyoka mara mbili akazika waliomcheka.

Nitatoka kabla ya sikukuu ya San Juan, mwishoni mwa Juni.

Kaka yako,
Deyner


Iquitos, 19 Mei

Kaka Deyner,

Najua hutasoma barua hii mpaka utoke. Nimemwambia Abner aishike mwenyewe akupe mkononi. Natumai imekukuta salama, umekonda tu.

Gome linaweza kufunga mgongo. Mlango huu halifungi. Babu hakukosea juu ya nyoka, lakini virusi hivi hakuvijua. Ukitoka, usiende kwenye sikukuu, usiende ng'ambo; panda boti uje kwanza. Utachomwa kidole na kuanza upya, na itakubidi usubiri siku kadhaa kinga ijae mwilini.

Kuna jambo jingine. Mwezi ujao boti ya wahudumu wetu itapanda mto wenu, na vipimo na dawa. Mimi ndiye niliyefunga masanduku. Wataishia vijiji vilivyo chini yenu kidogo. Herlinda aliuliza mbele yetu wote, "Kuna mtu anajua kijiji kingine cha kufika?" Nilikuwa na jina mdomoni. Nikafikiri, wataniuliza kwa nini hicho. Nikainama kufunga kamba.

Njoo.

Mdogo wako,
Rusbel


Puerto Inayuga, 30 Juni

Mdogo wangu,

Salamu za mtu aliyenyooka! Mgongo umepona kabisa. Gome ni gome, na wewe ni karani.

Barua yako Abner alinipa, lakini nilikuwa nimeshatoka kibandani na ngoma zinalia. Mama alinionya kwamba hata nje bado nimo mwikoni mwezi mzima: hakuna chumvi, hakuna kulala na mtu. Sasa wewe niambie. Siku ya San Juan, kijiji kizima kimeshinda mtoni kuoga bahati, kila mtu ana juane mkononi, wali wake unatoa mvuke kwenye jani, na Lisandro amevuka kutoka ng'ambo amevaa shati jeupe. Nilikula juane, na chumvi yake. Na mwiko wa pili nao niliuvunja, na siku iliyofuata, na iliyofuata.

Usinihubirie. Sijawahi kufurahi hivi.

Lakini maneno yako yamenirudia. Nitumie chupa moja na Abner, iweke ndani ya soksi. Kuja siwezi, Mama ameteguka mguu na ndizi zimekomaa zote kwa pamoja. Chupa moja tu. Wewe unakaa nazo chumba kimoja.

Kaka yako,
Deyner


Iquitos, 7 Julai

Kaka Deyner,

Mpe Mama pole ya mguu. Nimefurahi mgongo umepona, nasema kweli.

Chupa niliishika. Kabati lilikuwa wazi, Herlinda ametoka kunywa maji, na soksi nilikuwa nayo mfukoni. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani nikairudisha. Jioni nilijiambia kwamba nimefuata sheria, na sheria yenyewe ina maana: kama virusi vimeshaingia, kidonge cha kinga peke yake hakivitoi, kinavifundisha tu kukizoea. Lakini wakati naiweka chupa kabatini sikuwa nawaza virusi. Nilikuwa nawaza kiti changu.

Kwa hiyo nakusihi, acha ndizi zioze. Njoo uchomwe kidole. Mwambie na Lisandro aje. Ndani ya bahasha nimeweka kondomu, zitumie mpaka hapo.

Ukipata homa, koo likiuma, au vipele vikitoka kifuani, usingoje chochote. Panda boti siku hiyo hiyo.

Mdogo wako,
Rusbel


Iquitos, 28 Julai

Kaka,

Boti ya Abner imekuja mara tatu bila barua yako. Leo nilimfuata gatini.

"Deyner yupo?"

"Yupo."

"Mzima?"

"Mama yako ndiye anayepokea barua," akasema, akaendelea kupakua mikungu.

Niandikie neno moja tu, hata tusi.

Rusbel


Puerto Inayuga, 11 Agosti

Mwanangu Rusbel,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Unakula? Abner anasema umekonda na unauliza maswali gatini kama polisi. Mguu wangu unapona. Mwandiko wangu ni wa kuku, utavumilia.

Kaka yako hawezi kukuandikia. Yumo kibandani. Wiki mbili baada ya San Juan alishikwa na homa, koo likamvimba hata mate hayapiti, na kifua kikatoka vipele vyekundu. Nilipoona vipele nikamuuliza, "Umevunja mwiko?" Akageukia ukutani. Nikauliza tena. Akasema, "Ndiyo, Mama." Basi. Gome limelipiza, mwanangu. Hata wewe ulipokuwa mdogo ulimwona mjomba wako Teófilo alivyolipiziwa.

Dawa ya mwiko uliovunjwa ni mwiko ulio mrefu zaidi. Nimemrudisha ndani. Homa imeshuka, vipele vimekauka, kwa hiyo unaona nilikuwa sahihi. Atakaa humo mpaka mvua zianze. Hakuna anayemsogelea isipokuwa mimi, na mimi nimeacha chumvi.

Barua zako hizi mbili za mwisho sijampa wala sijafungua. Karatasi hutoka kwenye mikono ya watu wanaokula nguruwe na kulala na wake zao. Ziko juu ya jiko, moshi unazitakasa. Akitoka atasoma.

Usihangaike, kaka yako yuko mikononi mwangu.

Mama yako,
Etelvina


Iquitos, 12 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Nimemwomba Abner asilale hapa, ageuze boti leo hii, na nimemwambia barua hii ni yako wewe. Ifungue ukiwa umesimama hapo hapo.

Nilipomaliza kusoma yako niliingia kwa Herlinda bila kubisha hodi. Nikamwambia kila kitu, kwamba ni kaka yangu, na gome, na mto, na San Juan. Nilingoja anifukuze. Aliuliza tu, "Tangu lini unajua?"

"Tangu Aprili."

"Na ile boti ya Juni?"

Nikamwambia niliinama kufunga kamba. Akasema, "Hapa tunafanya kazi ya siri, Rusbel. Nani alikwambia ni kazi ya mabubu?" Kisha akaanza kuvaa viatu, anataka kuja mwenyewe, lakini hapati ruhusa kabla ya Alhamisi.

Mama, vile vidonge havikuwa vya ini. Vilikuwa vya kumkinga na virusi vya Ukimwi. Alivimeza kwa sababu kuna mtu anampenda, na mtu huyo ni mwanamume. Nimekiuka sheria ya kazi yangu na ahadi niliyompa kaka yangu, kwa sentensi hizi chache, na ningeziandika mwezi Machi leo usingekuwa na barua hii mkononi.

Homa ile na vipele vile si kisasi cha gome. Ndivyo virusi vinavyobisha hodi. Vikishaingia homa hushuka yenyewe na mtu huonekana amepona. Hajapona. Mtoe kibandani. Mpe chumvi, mpe samaki, mpandishe kwenye boti hii hii. Abner atamngoja.

Nichukie baadaye.

Mwanao,
Rusbel


Iquitos, 8 Septemba

Mama yangu,

Shikamoo tena, na ahsante kwa kumtoa kibandani. Deyner amelala hapa ubavuni mwangu, anakoroma, na amekubali nikuandikie. Maneno yake ni haya: "Mwandikie yote, tumeshafika huku kwa kuficha."

Alikuja klinikini akiwa ameegemea bega la Abner. Foleni ilikuwa ndefu. Namba yake ilipofika niliigeuzageuza karatasi yake mezani badala ya kuiita. Watu wakaanza kunung'unika, "Karani, tutalala hapa?" Ndipo akasimama mwenyewe, akaja dirishani, akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Mimi ni Deyner, kaka yake huyu mwoga." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mama, huku naandika.

Herlinda alimchoma kidole, kisha akarudia kwa kipimo kingine. Mimi nilikuwa nje na sikuambiwa. Nilijua alipotoka na kupita mlango wa kulia.

Ana virusi. Nesi anasema dawa anazoanza ni nzuri, akizimeza kila siku bila kuruka atafanya kazi, atacheza mpira, atazeeka. Hazina ugomvi na chumvi, wala na samaki, wala na gome. Lisandro naye anatakiwa aje apimwe. Deyner anaomba umfikishie, na anaona haya kukuomba.

Kazi yangu bado ninayo. Herlinda hakumwambia mtu. Sijui kama hilo ni zawadi au adhabu.

Deyner hakulia. Aliuliza tu, "Zile alizomwaga Mama zilikuwa za mlango gani?" Nikamwambia za kushoto, za kinga. Akasema, "Basi usimwandikie hilo." Nimekuandikia, kwa sababu nimechoka kuchagua nani ajue nini.

Wanao,
Rusbel na Deyner


Puerto Inayuga, 22 Septemba

Wanangu,

Nawasalimu nyote wawili kwa pamoja, kama nilivyokuwa nikiwaita kula.

Barua yenu nimeisoma. Kisha nimeshusha na zile za juu ya jiko nikazisoma. Ile ya mwanzoni mwa Julai imeandika homa, imeandika koo, imeandika vipele, yote kabla hayajanifika mezani. Moshi umeitakasa kweli. Na vile vipira vya ndani ya bahasha nimevikuta.

Rusbel, unadhani uliniambia habari mpya. Deyner nilimjua kabla hajajijua. Siku alipovuka ng'ambo kutazama mpira akarudi akiimba, nilimwekea maji ya kuoga yenye majani mazuri, au hakuona? Sikusema kwa sababu nilingoja aseme yeye. Kumbe nyumba nzima tulikuwa tunangojana.

Mwalimu alikuja mwenyewe, amesimama chini ya ngazi, kofia mkononi.

"Mama Etelvina, Deyner yuko wapi?"

"Panda kwanza ule."

Alikula, akanywa masato, pombe yangu ya muhogo, nikamweleza. Akaniomba turubai la kujifunika mvua. Yumo ndani ya boti inayoleta barua hii. Mpokeeni vizuri. Asiitwe kwa namba.

Sasa nisikilizeni. Aliyemwaga zile chupa ni mimi, kwa mikono hii, moja moja, na nilikuwa nasali. Kwetu anayemlisha mgonjwa akikosea, mwiko humhama mgonjwa ukamwangukia mlishaji. Basi nimeubeba. Nimeingia mimi kibandani. Nakula ndizi ya kuchoma, samaki mkavu bila chumvi, sinywi kitamu, sikai na majirani. Gome nimelirudisha msituni na kuliomba radhi kwa ajili yake. Wivu wake uwe juu yangu. Deyner ale anachotaka na ameze dawa yake kwa amani.

Mimi si mgeni wa miiko, naweza kukaa humu mpaka Deyner amalize dawa. Ila mguu huu unataka chumvi kidogo, na majirani wanauliza. Rusbel, muulize nesi wako hiyo dawa ya Deyner inaisha lini. Uniandikie siku yenyewe, bila kuzungukazunguka. Siku hiyo nitapika juane kubwa, nitaweka chumvi mpaka mlalamike, tutakula wote.

Nangoja boti.

Mama yenu,
Etelvina